Mtu na raia: jinsi ya kuijua serikali ya Marekani kabla ya kula kiapo

Jumamosi moja baba mmoja kutoka Uvira alinijibu maswali 40 ya mtihani wa uraia wa Marekani mfululizo, hakukosea hata moja. Nilikuwa karibu kumpigia makofi. Kisha nikamuuliza la 12 kabla ya la 11, akanyamaza, akanitazama kama mtu aliyenyang'anywa sahani mezani. "Mwalimu, umeruka," akasema. Alikuwa ameyashika maswali kama wimbo wa kwaya: ukimwanzishia katikati, maneno hayaji.

Ofisa wa uhamiaji hafuati mpangilio wa kitabu. Kwa hiyo hapa sitakupa majibu ya kukariri. Orodha nzima iko bure kwenye tovuti ya USCIS, ile idara ya uraia na uhamiaji, na mtu akitaka kukuuzia mwambie asante, ninayo. Ninachotaka ni uione serikali hii ilivyoungwa, ili jibu likikutoka kichwani ulitafute mwenyewe kwa akili. Darasani kwangu wengi wametoka Kivu na Katanga, wakapitia kambi za wakimbizi za Nyarugusu, Kakuma au Nakivale. Wachache wametoka Dar na Mombasa kwa bahati nasibu ya viza au kwa ndoa. Wote nawaanzisha na maneno mawili, mtu na raia, nayo tutayarudia mara nyingi.

Hatua ya 1: hesabu tarehe zako

Mwenye grinikadi, yaani kadi ya ukaazi wa kudumu, huomba uraia baada ya miaka 5. Aliyeolewa au kuoa raia na wanaishi pamoja, baada ya miaka 3. Fomu ni N-400, nayo unaweza kuituma siku 90 kabla muda haujatimia. Aliyekuja kama mkimbizi asianze kuhesabu siku kadi ilipofika kwenye sanduku la barua. Tarehe yake hurudishwa nyuma mpaka siku aliyotua uwanja wa ndege, na imeandikwa kwenye kadi yenyewe. Nimewaona watu wakisubiri mwaka mzima wa bure kwa kutoitazama.

Katika miaka hiyo 5 uwe umekaa ndani ya nchi angalau miezi 30. Safari moja ya miezi 6 au zaidi inaweza kuivuruga hesabu yote, kwa hiyo kabla ya kwenda nyumbani kuuguza mzazi muulize wakili. Kijana wa kiume aliye kati ya miaka 18 na 25 anatakiwa awe kwenye daftari la Selective Service, yaani orodha ya wanaoweza kuitwa jeshini vita vikizuka, hata akiwa na grinikadi tu. Ada, kwa viwango vilivyoanza Aprili 2024, ni dola 760 kwa karatasi na 710 kwa intaneti. Wenye kipato kidogo wanaweza kuomba punguzo au msamaha. Angalia tovuti kabla ya kulipa, viwango hubadilika.

Sasa mtihani. Aliyetuma fomu tarehe 20 Oktoba 2025 au baadaye anafanya mtihani mpya: orodha ina maswali 128, ofisa huuliza mpaka 20, na unatakiwa upate 12. Aliyetuma kabla ya hapo anabaki na ule wa zamani wa maswali 100, anaulizwa mpaka 10, apate 6. Mzee wa miaka 65 aliyekaa na grinikadi miaka 20 ana orodha yake fupi ya maswali 20 tu. Na wazee wetu hawaambiwi hili: aliye na miaka 50 na grinikadi ya miaka 20, au miaka 55 na grinikadi ya miaka 15, anasamehewa Kiingereza. Anakwenda na mkalimani, anajibu kwa Kiswahili.

Hatua ya 2: jiulize waanzilishi waliogopa nini

Ukiingia kijijini ukakuta nyumba zote zimeinuliwa juu ya nguzo, unajua huku mafuriko yanakuja. Serikali ya Marekani isome hivyo hivyo. Wale walioijenga walikuwa na hofu mbili.

Ya kwanza ni mfalme. Makoloni 13 yalikuwa chini ya Uingereza, yakitozwa kodi bila kuwa na mbunge hata mmoja kule London. Tarehe 4 Julai 1776 yakatangaza uhuru. Hofu ya pili ilikuja baada ya vita: serikali ya kwanza waliyoiunda ilikuwa dhaifu mno, haikuweza hata kutoza kodi ya kuwalipa askari wake. Basi mwaka 1787 wajumbe 55 wakakaa Philadelphia kuanzia Mei hadi Septemba wakitafuta kitu cha katikati, serikali yenye nguvu za kufanya kazi lakini isiyoweza kuzaa mfalme. Wajumbe 39 waliitia saini Katiba. Jawabu lao lilikuwa kuyakata madaraka vipande, na kuyakata mara mbili.

Mkato wa kwanza ni mihimili mitatu. Bunge, ambalo huku huitwa Kongresi, hutunga sheria. Rais huzitekeleza. Mahakama huzitafsiri, na tangu kesi ya mwaka 1803 inaweza kuifuta sheria inayogongana na Katiba. Kila mmoja ameshika kamba iliyofungwa mguuni mwa mwenzake. Bunge likipitisha mswada, Rais anaweza kuukataa kwa kura ya turufu. Bunge likipata theluthi mbili katika kila baraza, mswada unapita bila yeye. Rais huteua majaji, lakini Seneti isipokubali hawaapishwi. Wakishaapishwa wanakaa maisha, wasije wakahukumu kwa kumwogopa aliyewateua. Mahakama ya Juu ina majaji 9.

Hapa Watanzania hujikwaa. Nyumbani waziri ni mbunge, anatoka ofisini kwake anakwenda Dodoma kujibu maswali akiwa amekaa kiti chake cha Bunge. Marekani Katiba inakataza: mbunge akiteuliwa waziri anaachia ubunge. Mkenya anaielewa haraka, kwa sababu Katiba yao ya 2010 ni hivyo. Na wale wanaoniuliza waziri mkuu wa Marekani ni nani, nao si wachache, jibu ni kwamba hayupo. Rais ndiye mkuu wa nchi na mkuu wa serikali. Akifariki, anamfuata Makamu wa Rais, kisha Spika wa Baraza la Wawakilishi.

Bunge lenyewe lina mabaraza mawili kwa sababu ya ugomvi. Majimbo makubwa yalitaka viti kwa idadi ya watu, madogo yakataka usawa. Wakagawana. Baraza la Wawakilishi lina wajumbe 435, kwa idadi ya watu, miaka 2. Seneti ina maseneta 100, wawili kila jimbo, miaka 6. Ndiyo maana California yenye watu karibu milioni 39 ina maseneta wawili, na Wyoming isiyofikisha watu laki sita ina wawili vilevile. Ukilishika hili, maswali kama manne ya mtihani yanajijibu. Hata hesabu ya urais inatoka hapo: wawakilishi 435, maseneta 100, na kura 3 za mji mkuu Washington, jumla kura 538 za wajumbe wa uchaguzi. Anayefikisha 270 ndiye Rais. Mwaka 2016 Hillary Clinton alimzidi Donald Trump kwa karibu kura milioni 3 za wananchi, akashindwa, kwa sababu kinachohesabiwa mwisho ni zile 538.

Mkato wa pili ni kati ya serikali ya taifa na majimbo. Serikali ya taifa huchapa fedha, hutangaza vita, hufanya mikataba na nchi za nje, hushughulikia uhamiaji. Jimbo hutoa leseni ya udereva, husimamia shule na sehemu kubwa ya polisi. Na mtego kwa Mkenya: kaunti ya huku si kaunti ya nyumbani. Gavana ni wa jimbo. Kaunti ni kipande kidogo ndani ya jimbo, na mara nyingi mkubwa wake unayemsikia ni sherifu, yaani mkuu wa polisi wa kaunti.

Wenzetu wa Kongo huita yote hiyo Leta, kitu kimoja kilicho juu huko, na ukigombana nacho umegombana na mbingu. Huku Leta ziko nne au tano juu ya kichwa chako, na moja haijui ya mwenzake inafanya nini. Takataka hazizolewi? Jiji. Mwanao kawekwa darasa lisilomfaa? Bodi ya shule, ambayo wajumbe wake kwa kawaida huchaguliwa na wakazi. Grinikadi imekwama mwaka mzima bila jibu? Tafuta ofisi ya mwakilishi wako wa Kongresi iliyo karibu nawe. Utajaza karatasi ya ruhusa, na msaidizi wake ataiandikia idara ya uhamiaji akiuliza faili limefikia wapi. Hawakuombi kadi ya kupiga kura; unaishi katika eneo lake, basi. Hii ni huduma ya kawaida kabisa, na watu wetu wengi hawaitumii kwa sababu nyumbani mheshimiwa haendewi mikono mitupu. Huyu usimpelekee kitu.

Hatua ya 3: chora mstari kati ya mtu na raia

Chukua daftari, piga mstari katikati ya ukurasa. Kushoto andika MTU, kulia andika RAIA. Kisha pitia marekebisho ya Katiba, yako 27, na kila haki iweke upande wake.

Katiba ilipoanza kutumika 1789 haikuwa na orodha ya haki. Watu wakalalamika, na mwaka 1791 yakaongezwa marekebisho 10 ya kwanza, yanayoitwa Hati ya Haki. Ukiyasoma kwa makini unaona yanasema "watu", "mtu yeyote", "mshtakiwa". Neno raia halimo. Hilo si jambo dogo. Maana yake uliyefika juzi na begi moja la IOM, lile shirika la uhamiaji linalosafirisha wakimbizi, tayari unayo sehemu kubwa ya haki hizi leo, kabla ya kiapo.

Rekebisho la 1 lina mambo matano, na darasani tunayahesabu kwa vidole: sali, sema, chapisha, kusanyika, lalamika. Dini yako, maneno yako, uhuru wa magazeti, mkutano wa amani, na kuipelekea serikali malalamiko bila kuadhibiwa. Lakini sitakudanganya kwamba karatasi na barabara ni kitu kimoja. Mwaka 2025 serikali ilijaribu kuwafukuza nchini baadhi ya wageni walioshiriki maandamano, hata wenye grinikadi, na mambo yakaishia kwa majaji. Asiye raia ana haki ya kusema, ila ana kitu cha kupoteza ambacho raia hana. Uamuzi ni wako.

Rekebisho la 4 linahusu mlango wako, na mila zetu hapa zinatuponza. Kwetu mtu akipiga hodi, mdomo unajibu karibu kabla kichwa hakijafikiri. Huku ukifungua mlango ukarudi nyuma, ukanyoosha mkono kuelekea kwenye kochi, umempa askari ruhusa, na ruhusa ikishatolewa hati ya upekuzi haihitajiki tena. Kwa hiyo zoea hili: mlango ukigongwa na watu wa serikali, usiufungue. Uliza kwa nje ni nani. Omba hati ipitishwe chini ya mlango au ionyeshwe dirishani. Itazame mahali pawili, jina na anuani ni vyako au si vyako, na chini ametia saini nani. Hati ya upekuzi hutiwa saini na jaji wa mahakama. Ile iliyotiwa saini na ofisa wa uhamiaji ni karatasi nyingine, na kwa miaka mingi haikuhesabiwa kuwa ruhusa ya kuingia nyumbani kwa mtu. Siku hizi mabishano kuhusu hilo ni makali. Wakiingia hata hivyo, usiwazuie kwa mikono. Sema sauti isikike kwamba hujakubali, kisha nyamaza. Mengine ni ya wakili. Namba yake iwe imeandikwa ukutani, isikae kwenye simu peke yake.

Kunyamaza nako ni haki, Rekebisho la 5. Askari akimkamata mtu na kutaka kumhoji, tangu kesi ya Miranda ya mwaka 1966 lazima amwambie kwamba anaweza kukaa kimya na kupata wakili. Kwetu kumnyamazia mkubwa ni utovu wa adabu, na nimewaona wamama wakieleza maisha yao yote kwa polisi kwa sababu tu kimya kinawatia aibu. Sema, "Nataka wakili," halafu funga mdomo. Hakuna atakayekuona mkorofi, na hata akikuona hivyo, si kosa la jinai. Usidanganye tu. Kunyamaza kunalindwa, uongo haulindwi.

Rekebisho la 6 linampa mshtakiwa wakili. Mwaka 1963, katika kesi ya Gideon aliyeandika rufaa yake kwa penseli akiwa gerezani Florida, Mahakama ya Juu iliamua kwamba asiye na pesa alipiwe na serikali katika kesi kubwa za jinai. Ila kumbuka shimo moja kubwa: mahakama ya uhamiaji si ya jinai. Kule unaruhusiwa wakili, lakini serikali haikulipii. Tafuta mashirika yanayotetea wakimbizi bure mapema, maana foleni zao ni ndefu.

Barabarani mambo ni mafupi. Polisi akiwasha taa nyuma yako, simama pembeni, kaa ndani ya gari, mikono juu ya usukani. Usishuke kumwendea kumsalimia kama ulivyozoea Kariakoo au Goma. Huku dereva anayeshuka anaonekana anakuja kupigana. Leseni, kadi ya gari na bima unampa. Swali la unatoka wapi na unakwenda wapi, hulazimiki kulijibu. Na grinikadi, kwa aliyefikisha miaka 18, sheria inataka utembee nayo.

Jambo moja kuhusu mkalimani, kwa kuwa hospitali na mahakamani utamhitaji. Ukisema "Kiswahili" tu, simu inaweza kukuunganisha na mtu wa Tanga, na baba yako wa Fizi asimwelewe. Yeye anasema wakili, baba anasema avoka. Yeye anasema mahakama, baba anasubiri asikie tribinali. Tamka tangu mwanzo: Kiswahili cha Kongo. Na mtoto wa miaka 11 asimfasirie mama yake kwa daktari. Sizungumzii sheria, nazungumzia heshima ya mama.

Sasa upande wa kulia wa daftari. Raia ana vichache, lakini vizito: kupiga kura katika uchaguzi wa taifa, kugombea viti vya taifa, kukaa katika jopo la mahakama linaloamua kesi, kubeba pasipoti ya Marekani, na kutofukuzwa nchini. Marekebisho yanayolinda haki ya kupiga kura yanataja "raia" kwa jina. La 15 la mwaka 1870 lilikataza kumnyima raia kura kwa rangi yake. La 19 la 1920, kwa jinsia. La 26 la 1971 likasema miaka 18 inatosha. Yanaonekana kama ngazi nzuri ya kupanda, lakini soma tarehe na uchungu wake. Katiba ya 1787 ilimhesabu mtumwa kama sehemu tatu kati ya tano za mtu katika kugawa viti vya Bunge, na bwana wake ndiye aliyefaidi hesabu hiyo. Utumwa ulikufa kwa Rekebisho la 13 mwaka 1865 baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe. Mwaka 1868 la 14 likasema aliyezaliwa au kuandikishwa uraia hapa ni raia, na kwamba jimbo haliwezi kumnyima mtu yeyote ulinzi sawa wa sheria. Tazama lilivyotumia maneno yote mawili. Hata hivyo, watu weusi wa kusini waliendelea kuzuiwa kupiga kura kwa kodi, mitihani ya kusoma na vipigo, mpaka Sheria ya Haki ya Kupiga Kura ya 1965. Ukiulizwa Martin Luther King alipigania nini, usijibu kwa kasuku. Alipigania yaliyokuwa yameandikwa miaka 90 na zaidi kabla yake.

Aliyeandikishwa uraia anaweza kugombea viti vya taifa kama mzaliwa, isipokuwa viwili: hawezi kuwa Rais wala Makamu wa Rais. Ilhan Omar alikaa miaka minne utotoni katika kambi ya Utange karibu na Mombasa, akapata uraia mwaka 2000, akachaguliwa kuingia Kongresi 2018. Zohran Mamdani alizaliwa Kampala, akawa raia 2018, na Novemba 2025 akachaguliwa meya wa New York. Mlango wa ikulu tu ndio uliofungwa kwao.

Hatua ya 4: usiiguse kura kabla ya kiapo

Hii ni hatua fupi kuliko zote, na ndiyo inayowatoa watu nchini. Tangu sheria ya 1993, ofisi za leseni za udereva katika majimbo mengi huuliza wateja kama wanataka kujiandikisha kupiga kura. Kijana mmoja niliyemfundisha aliulizwa haraka haraka, akaitikia ndiyo kwa adabu, kwa sababu alikuwa ameitikia ndiyo kwa kila kitu tangu asubuhi. Kadi ya kura ikamfikia nyumbani. Alishtuka, akaja nayo darasani ikiwa bado kwenye bahasha, na wakili akamsaidia kujiondoa kwa maandishi kabla hajatuma N-400. Fomu ile inauliza wazi kama umewahi kujiandikisha, kupiga kura, au kujiita raia. Kujisingizia uraia ni kosa linaloweza kufuta grinikadi yenyewe. Swali likija, tamka: "Mimi si raia." Na usiweke saini kwenye skrini usiyoielewa.

Hatua ya 5: fanya mazoezi kwa mdomo

Mtihani ni wa kusema. Mtu anaweza kuzoea kuchagua jibu kwenye simu kwa miezi mitatu, akafika mbele ya ofisa ulimi ukawa mzito. Andika kila swali kwenye kadi, changanya kama karata, mpe mwanao akuulize wakati unapika. Mfundishe aulize kwa lafudhi ya shuleni kwake, maana hiyo ndiyo utakayoisikia. Mimi mwenyewe niliponea chupuchupu: ofisa aliniambia nitaje kitu kimoja kinachofanywa na majimbo, nami nilikuwa nimezoea kulisikia swali hilo kwa sauti yangu mwenyewe. Nilimwomba arudie. Inaruhusiwa, na ni bora kuliko kubahatisha.

Lijibu swali kwa jibu moja kama limeomba moja. Darasani nina mama hodari anayepewa alama zote kisha anaendelea kueleza mpaka anajichanganya. Maneno matatu ya kwanza ya Katiba, ambayo kwa Kiswahili yanatosha mawili, "Sisi Wananchi", aliyasema vizuri kisha akaongeza "na Rais". Nikamwambia, mama, Rais hakualikwa kwenye sentensi hiyo.

Mambo yanayobadilika, yaani gavana wako, maseneta wako, mwakilishi wako, Spika, yaangalie wiki ile ile ya mahojiano. Orodha ya mwaka jana inaweza kukuangusha.

Siku yenyewe

Beba grinikadi, pasipoti zote za zamani, leseni, vyeti vya ndoa au talaka, na karatasi ya kesi yoyote hata iliyofutwa. Ofisa atakuapisha kabla ya kuanza, kwa hiyo unayosema yote ni chini ya kiapo. Kisha ataipitia N-400 mstari kwa mstari, na mazungumzo hayo ndiyo mtihani wa kusema Kiingereza. Watu hudhani ni porojo za kumfanya mtu atulie. Hapana. Yafahamu maneno ya fomu kwa Kiingereza chao, hasa yale ya ajabu: umewahi kutesa mtu, umewahi kuwa mwanachama wa chama fulani, umewahi kukaa rumande. Kwa waliopitia vita, maswali hayo yanachoma. Yafanyie mazoezi na mtu unayemwamini, usiyasikie kwa mara ya kwanza pale.

Utasoma sentensi moja sawasawa kati ya tatu, utaandika moja kati ya tatu. Kisha maswali. Kwa mtihani mpya ofisa huacha ukifikisha majibu 12 sahihi, au makosa 9. Ukishindwa sehemu yoyote, utaitwa tena kati ya siku 60 na 90 kwa sehemu hiyo tu, bila ada mpya. Nawajua walioshindwa mara ya kwanza na leo wana pasipoti za bluu.

Kiapo, na yanayofuata

Kabla ya kuinua mkono, jua nyumbani wanasemaje. Tanzania haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Ukiapa huku, wa kule umeupoteza. Kongo nayo imeandika katika Katiba yake kwamba uraia wake ni mmoja na haushirikiani na mwingine. Mkenya wa kuzaliwa habanwi na hilo tangu 2010. Wenye mashamba na viwanja, hasa Tanzania, ambako ardhi na uraia vimefungamana, muulizeni wakili wa huko mapema.

Kuhusu watoto, kuna zawadi ambayo wengi hawajui kuwa imeshawafikia. Mtoto mwenye grinikadi, aliye chini ya miaka 18, anayeishi na wewe kama mzazi wake halali, anakuwa raia dakika ile ile unayoapa. Haombi, hafanyi mtihani. Mwombee pasipoti mara moja iwe ushahidi wake. Ndiyo maana mwenye kijana wa miaka 17 namwambia aache kusitasita. Siku moja baada ya kufikisha 18 atalazimika kujaza N-400 yake mwenyewe.

Cheti ukikipata, kisome jina herufi kwa herufi kabla hujatoka ukumbini, maana kusahihisha baadaye ni safari. Kisha nenda ofisi ya hifadhi ya jamii wabadilishe rekodi yako. Katika baadhi ya sherehe maofisa wa uchaguzi huwepo hapo hapo ukumbini wakiandikisha wapiga kura, na sasa ukiulizwa, jibu ni ndiyo.

Uchaguzi wa kwanza karatasi itakushangaza kwa urefu. Utamkuta Rais au seneta juu kabisa, halafu chini yao sherifu, jaji wa kaunti, bodi ya shule, pengine swali la kuongeza kodi kwa ajili ya maktaba. Yule mama hodari wa darasani alinipigia simu akiwa nje ya kituo, karatasi ya mfano mkononi. "Mwalimu, hawa wote ni nani?" Nikamwambia asiyemjua amwache wazi, kura yake haiharibiki. Akakaa kimya kidogo. "Huyu wa bodi ya shule namjua," akasema. "Ndiye aliyekuja kanisani akasema watatuletea basi la asubuhi. Mpaka leo halijaja." Akakata simu, akaingia.